Moshi wa Jumanne

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, wala simtafuti wa kugawana naye. Shangazi Impi aliniachia kazi moja tu: kukausha kimea. Shayiri alishailoweka, ikachipua sakafuni mpaka ikaota vijizizi kama sharubu za paka. Mimi niitandaze kwenye mabenchi ya sauna, niwashe moto, basi. Yeye angeisaga, aichachushe kwa hamira, kisha aende kuichemsha msituni kwenye chungu chake cha shaba, alichoachiwa na mama yake. Harusi yangu ilibakiza wiki tatu, na kijijini kwetu harusi bila gongo ya Impi ni mazishi yenye keki.

"Uwashe Jumamosi," aliniambia. Mimi na kiherehere changu nikawasha Jumanne. Jumamosi kila sauna inafuka, watu wanaoga. Jumanne ukifuka moshi mmoja, hata mtoto anajua kuna kimea.

Sijafuta jasho, afande Vihtori huyo na baiskeli yake.

"Unafanya nini, Eemeli?"

"Naoga, afande."

"Afadhali. Mwenzio nimejaa vumbi." Akaanza kuvua buti. Na kwetu mtu akitaka kuoga humfukuzi.

Akaingia uchi, akaketi gizani, akaruka juu. Matako yote shayiri.

"Nini hiki?"

Shangazi alikuwa ameshauona ule moshi. Aliingia anahema, akanitupia jicho la kuniua. Afande alinyakua fungu la majani tunayojichapia mwilini tukioga, akajisitiri.

"Kimea hicho, Vihtori. Cha togwa ya Krismasi."

"Mama Impi, huu mwezi wa tisa! Leo nakitafuta kile chungu mpaka nikipate, na nikikipata nakipasua kwa shoka."

Shangazi alibadilika rangi. Mimi nikaona harusi yangu inanyweshwa maziwa.

"Chungu cha marehemu mama yangu?"

"Hata kingekuwa cha askofu. Kwanza nani anakunywa togwa ya Krismasi kabla theluji haijaanguka?"

"Wewe," shangazi akasema. "Harusi ya binti yako, mwezi wa sita, ulimaliza chupa tatu peke yako, na hukuniuliza theluji iko wapi."