Mwanagenzi, Toleo la Tatu

Telesphor alifika ukumbini Ilford na hotuba mfukoni na kinyongo moyoni, na kusema kweli kinyongo ndicho kilichoandaliwa vizuri zaidi. Mwenyeji wake, Mahmood wa Mombasa, hukusanya kompyuta kuukuu kama wengine wanavyofuga njiwa. Alikuwa amemwita asimulie historia ya Mwanagenzi, programu ya kuandikia ambayo Telesphor na Rakesh waliitengeneza hapa London miaka ya themanini, vijana wawili wa Moshi wanaoazimana koti la baridi.

Rakesh naye alikuja kutoka Stanmore, mvi tupu, akakaa mstari wa mbele. Walisalimiana kama watu wanaosubiri basi moja.

Programu nyingi za siku zile zilikuja na amri zake, uzipende usizipende. Mwanagenzi ilifundishika. Uliiandikia maagizo mafupi, ukachagua kitufe, na tangu hapo ukikibonyeza inafanya kazi uliyoifundisha. Rakesh alitaka kila kitufe kifundishike, maana mwenye mali ni aliyenunua. Telesphor alitaka herufi zisiguswe. Rakesh akashinda, na haikupita muda karani wa mawakili fulani akaifundisha herufi A ifute mstari mzima. Mkataba ukateketea mbele ya macho yake, na mawakili wakawakimbia vijana hao. Telesphor alimtolea mwenzake maneno mazito, na maji yakimwagika hayazoleki. Rakesh akachukua nakala yake ya programu akaondoka.

Miaka yote hiyo Telesphor alimsubiri aje na wazee kuomba radhi. Hakuja. Basi kila aliyeuliza aliambiwa Rakesh ndiye aliyeiua Mwanagenzi, na leo angeambiwa ukumbi mzima.

"Kabla mzee hajaongea, let me show you something," Mahmood alisema, akiwasha mashine. "Hii ni version three."

Toleo la tatu Rakesh alilitoa peke yake. Telesphor aliapa hataligusa, na kwa ukaidi wa kwao Kibosho hakuligusa kweli.

Mahmood aliifundisha herufi A ifute mstari, kisha akaanza kuandika. Mistari ikapukutika, watu wakacheka, na Telesphor akafurahi kimoyomoyo kwa kupata ushahidi. Kisha Mahmood akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kila herufi ikarudia kazi yake ya asili, na mistari yote iliyofutwa ikarejea mahali pake. Ule uhuru alioutaka Rakesh ulikuwepo, na ule usalama aliougombania Telesphor ulikuwepo pia. Chini ya skrini yaliandikwa majina ya watengenezaji, na la Telesphor lilitangulia.

Aibu ilimshika, tena aibu nzito. Radhi ililetwa zamani, kwa njia aliyoijua Rakesh, yaani kwa kazi, na yeye ndiye hakufungua mlango.

Kwenye kona ya ukumbi palikuwa na chungu cha mmea wa majani marefu, ule unaopamba ofisi nyingi za London. Wachagga huuita isale. Jani lake likifungwa fundo likapelekwa kwa uliyemkosea, huyo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Telesphor aliinuka, akaenda akachuma jani.

"Mzee, hiyo ni ya council, wenye ukumbi," Mahmood alinong'ona.

Telesphor hakumsikiliza. Alilifunga fundo, akamwekea Rakesh mikononi. Mtoto wa Moshi hahitaji kuelezwa. Rakesh aliligeuza jani, akalifinya kwa kucha.

"Nilidhani la plastiki," alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Tele, umechelewa sana bwana."

"Najua. Nisamehe."

"Nikikataa, mama yangu atafufuka anichape."

Telesphor alimvutia kiti mbele, wakaketi bega kwa bega. Hotuba aliiacha mfukoni.

"Mwanagenzi tuliianza wawili," aliwaambia watu, "mwaka themanini na nne."

"Themanini na tatu," Rakesh akamsahihisha.

Telesphor akamgeukia, akacheka. "Themanini na tatu," akasema.