Refa Aliyebadilisha Uamuzi

Mume wangu ni refa, na akishaamua, kaamua, hata nyumbani. Mimi ni kibendera wake, nakimbia pembeni ya mstari. Ndiyo maana nilimwona kabla ya mtu yeyote: kasimama katikati ya uwanja, mkono kifuani, jasho linamtiririka, eti anajifanya anatazama saa. Jamani! Nilimburuta hospitali na jezi yake nyeusi.

Wifi yangu, dada yake wa pekee, ni daktari wa moyo hapo. Vipimo vya kawaida vikasema shwari, lakini wifi hakuridhika. Akamchoma sindano ya chembe za nano, vitu vidogo kuliko vumbi, vinavyosafiri na damu kutafuta mafuta yaliyoganda kwenye mishipa na kung'ang'ania hapohapo. Kwenye skrini, mshipa wa moyo ukawaka doa jekundu.

"Hapa pakipasuka, kaka, tunakuzika," wifi akasema.

Tiba ilikuwa chembe nyingine, zilizobeba dawa mpaka kwenye doa lenyewe. Refa akagoma. "Siingizwi vidude zaidi mwilini. Nimeamua!"

Wifi akaanza kulia. Mimi hasira zikanipanda. Nikafungua begi, nikatoa kibendera changu, nikakinyanyua juu palepale wodini.

"We mwanamke, unafanya nini?"

"Nimeona kosa. Mchezo haujaanza tena, sheria inakuruhusu kubadilisha uamuzi. Au leo unampuuza kibendera wako?"

Akanitazama weee. Hajawahi kuipuuza bendera yangu, hata mashabiki wakitutukana.

"Kosa gani?"

"Kutaka kuniacha mjane kwa ubishi!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Refa akakunja mkono wa jezi. "Haya, nichomeni."

Miezi ikapita, tukarudi kwenye skrini ileile. Wifi akalitafuta doa, akapima upya, akasogeza uso karibu. Halikuwepo. Damu ilikuwa inapita bila kizuizi.

"Kaka, umepona."

Nikapiga kigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kuninyamazisha. Aliposikia habari, naye akapiga chake. Mume wangu, mtu ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake, akatukumbatia mimi na dada yake, akalia kwa sauti.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Tangu ile mechi nakesha nikisikiliza kama unapumua. Leo nalala mimi, na wewe koroma upendavyo."