Barabara Tuliyoifagia

Nilifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona mtoto akifelishwa kwa sababu ameandika vizuri. Hilo nilikuja kuliona uzeeni, kwenye barabara yetu.

Njia ya Kwa Fundi Saa inaanzia barabara kubwa ya lami pale Kibamba, inaingia ndani kama kilomita moja mpaka kwetu. Ilikuwa na mashimo ambamo bata waliogelea, na bajaji zilikuwa zimeshaisusa. Mume wangu Gaudens, karani mstaafu, alikuwa amekatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari. Wa kulia ulikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo, cha kusafishwa kituo cha afya kila Jumatatu na Alhamisi. Daktari hakutuficha: mkikosa kukisafisha, na huu utakwenda. Kiti chake cha magurudumu hakikuweza kuvuka hata shimo la kwanza, hivyo majirani walimbeba mpaka lami. Kiangazi waliweza. Masika njia inageuka mto, na hakuna anayeweza.

Mwezi wa pili mjumbe wetu, Mzee Mwinshehe, alipita nyumba kwa nyumba na karatasi. Wakaguzi wa ofisi ya barabara wangekuja Jumanne kuangalia hali ya kila njia, ndipo ofisi ipange zipi zitengenezwe. Chini ya karatasi aliongeza kwa mkono wake: "Wananchi fanyeni maandalizi."

Neno hilo, maandalizi! Kwetu mgeni akija unafagia uwanja, unatandika shuka jipya, na kilichovunjika unakisukumia uvunguni. Safari hii mgeni alikuwa anakuja kuangalia uvunguni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo.

"Mwalimu, gari lao litapitaje hapa?" Mzee Mwinshehe aliniuliza. "Wakikwama pale kwenye bwawa si watageuza? Halafu waseme sie ndio hatuna ushirikiano."

"Tufukie," nilisema. Naomba ieleweke kwamba aliyesema ni mimi, si mjumbe.

Jumamosi na Jumapili mtaa mzima ulitoka. Tulibeba kifusi cha ukuta wa jirani ulioanguka mwaka jana, matofali mabovu, vifuu vya nazi, magunia ya mchanga. Niliwapanga watu kwa mistari kama wanafunzi wangu, hawa koleo, hawa ndoo, na aliyezembea nilimsema mbele ya wenzake. Jumatatu tukamwagia maji udongo ushikane. Jumanne asubuhi tukaifagia. Barabara nzima tuliifagia kwa fagio za chelewa, mpaka lami.

Kisha nikamwogesha Gaudens, nikamvalisha shati lake la kanisani, nikakipiga kiwi kiatu chake kimoja mpaka kikang'aa. Nikamsukuma hadi katikati ya njia.

"Wakikuona tu, Baba Jesca, kazi imekwisha," nilimwambia.

"Basi wanione vizuri," alisema, akinyoosha kola.

Gari likaja bila hata kuyumba. Akashuka mhandisi kijana, mpole, aitwaye Revelian, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

Tulimwitikia, nikaanza kumweleza habari za mvua, za kidonda, za bata. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Sie tunajaza tunachokiona, mama," alisema. Akampiga picha Gaudens kwenye kiti chake, akatuaga, gari likaondoka. Tukapiga makofi. Jamani, tulipiga makofi!

Masika yalianza mwezi wa tatu. Ndani ya siku tatu kifusi chote kilikwenda bondeni, mashimo yakarudi makubwa kuliko mwanzo. Tukakosa Alhamisi, tukakosa Jumatatu, tukakosa Alhamisi nyingine. Harufu niliisikia Ijumaa. Tulipoweza kumtoa, amelazwa juu ya mlango wa chumba tulioung'oa, daktari hakuwa na cha kusafisha tena. Mguu ukakatwa juu ya goti.

Mwezi wa tano nilikwenda ofisini kwa Revelian. Alinikumbuka, akanipa kiti. Alifungua orodha yake, akashusha kidole taratibu.

"Mama, njia yenu ilipata daraja la 'nzuri'," alisema hatimaye. "Zinazoingia kwenye mpango ni zile mbaya na mbaya sana."

"Nzuri? Kwa ushahidi gani?"

Akanigeuzia kioo. Alikuwa Gaudens, katikati ya barabara iliyofagiwa, anacheka. Chini yake pameandikwa: "Inapitika, hata kwa kiti cha magurudumu."

"Badilisha basi, mwanangu. Njoo uione leo."

"Ishafungwa, mama. Ishapelekwa juu. Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu."

Nilitaka kumtukana, nikakosa pa kuanzia. Kijana wa watu aliandika alichokiona. Na alichokiona ilikuwa kazi yangu, niliyoifanya kwa bidii kama nilivyofanya kila kazi maishani mwangu. Nilijichukia pale pale kwenye kiti cha ofisi, na mpaka leo najichukia.

Kutoka lami mpaka nyumbani nilitembea peku kwenye tope, viatu mkononi. Gaudens alikuwa barazani, khanga imemfunika mapaja na kuishia hapo hapo yanapoishia.

"Wamesemaje?" aliuliza kabla sijafika.

"Wamekuona," nilisema. "Picha yako ipo, imepelekwa mpaka kwa wakubwa."

Uso wake ukachangamka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu hospitali.

"Nimetokeaje?"

"Umependeza, Baba Jesca," nilimwambia. "Kiatu kinang'aa."