Mama wa Kande Hasemi

Ijumaa ikifika, nusu ya wanawake wa Zaria walimuogopa Saratu. Si kwamba alikuwa na cheo. Alikuwa na kikundi cha simu tu, kile cha hadithi za mfululizo, na kila Ijumaa baada ya swala alibonyeza kitufe cha sauti akawachambua waandishi mmoja mmoja, hadharani, watu wote wakisikiliza. Aliyeua mhusika Jumatatu akasahau akamfufua Alhamisi alikiona cha mtema kuni. Kuna mwalimu mzima aliyejitoa kikundini kwa sababu Saratu alimuuliza, kwa upole kabisa, jambazi wake aliruka vipi ukuta huku amefungwa mikono.

Mwandishi aliyesomwa kuliko wote mle alijiita Mai Tuwo, yaani Mama Ugali. Kikundi kizima kilikisia ni nani na kila mtu alikosea. Saratu ndiye aliyejua, naye aliufyata. Mai Tuwo alikuwa Inna Tabawa, mama yake mzazi.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Saratu alikuwa kifungua mimba. Kwetu Zaria mama hamtaji kifungua mimba wake kwa jina. Hamkumbatii mbele za watu, hamsifu, na akiwa na neno naye hulipitisha kwa mtu mwingine. Ni haya, na mwanamke asiye na haya amebakiwa na nini? Watoto wanaofuata ndio wanaoimbiwa. Saratu aliyajua hayo tangu utotoni na hakumlaumu mtu. Lakini sasa ana watoto wake wanne, ana miwani ya kusomea, na bado kitu kimoja kilimuuma kama mwiba uliozama: hajawahi kusikia jina lake kinywani mwa mama yake. Mdogo wake Ladidi aliitwa mpaka majirani wakachoka.

Inna hakujua kuandika kwenye simu. Alisimulia huku anasonga ugali, na mke mwenzake akaandika. Mke mwenzake huyo aliitwa Amarya, bibi arusi, jina alilopewa siku alipoingia nyumba ile na likamng'ang'ania mpaka mvi zikatoka.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya muuaji. Tajiri wa njugu za kola anakutwa kisimani, amekufa, na pete yake ya akiki haionekani. Binti yake wa kwanza, Kande, anaanza kumtafuta aliyemuua. Sura iliyotoka karibuni ilikuwa hivi: harusi ya Kande ni kesho, ua umejaa wanawake, na Kande amekaa mkekani anasukwa. Nyuma yake yuko msusi, Delu, kashika wembe wa kusawazishia nywele za shingoni. Jikoni, mama wa Kande anainua macho kutoka kwenye sufuria, na anaiona pete ya marehemu mumewe kidoleni mwa Delu.

Ikakatika hapo. Kikundi kikawaka moto.

"Si amwite tu jamani! Kande, njoo! Basi, yaishe!"

"Amwite vipi na ni kifungua mimba wake?"

"Mtu ana wembe shingoni, wewe unaleta habari za haya!"

"Tulieni," akaandika mama mmoja, shabiki mkubwa wa Mai Tuwo. "Kimya kingi kina mshindo."

Saratu hakuweza kujizuia. "Mshindo wa nini? Wa sufuria?" Watu wakacheka wiki nzima.

Ijumaa ilipofika alikwenda kwa baba yake mapema, kabla ya uchambuzi. Hakutaka kumchana mama yake mbele za watu. Alitaka mambo yarekebishwe kabla sura ya mwisho haijatoka. Akamkuta Amarya amekaa uani, simu mkononi, na Inna yuko jikoni, mlango wazi, mgongo umewageukia.

"Amarya," Saratu akasema, naye akafuata utaratibu, "muulize mwenye hadithi. Muuaji gani anavaa pete ya aliyemuua halafu anaingia nayo nyumbani kwa marehemu? Hana akili?"

Amarya akageukia jikoni. "Dada, unaulizwa—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie huyo kwamba Delu ni mjamzito. Vidole vimevimba. Pete aliijaribu siku moja tu, ikagoma kutoka. Ndiyo maana anafunga kitambaa kidoleni, na leo kitambaa kimeteleza kwa mafuta ya nywele. Iko sura ya tatu hiyo. Huwa anasoma kwa pupa."

"Anasema unasoma kwa pupa," Amarya akafikisha, kwa furaha isiyo na sababu.

"Nimesikia!"

Na kweli ilikuwamo. Saratu aliikumbuka: msusi mjamzito, amekaa kizingitini, anajipaka mafuta kidole kimoja, anakivuta, anakipaka tena. Kikundi kizima kilipita hapo bila kusimama, na yeye mwenyewe alipita akikimbia. Mwanamke huyu hakusoma kitabu cha hadithi maisha yake yote. Alijifunzia wapi kuficha kitu mahali peupe namna ile?

Lakini hakuja kushangaa, alikuja kurekebisha.

"Haya, pete nimekubali. Sasa huyu mama wa Kande. Kande alianza mwoga, leo ni simba. Delu alianza mcheshi, leo anatisha. Sawa, wanakua. Mama je? Tangu sura ya kwanza yuko jikoni. Mumewe kafa, hasemi. Mwanawe anamsaka muuaji, yeye anasonga ugali. Huyo si mhusika, Amarya, huyo ni kigingi cha mbuzi!"

"Mh," Amarya akaguna, jicho likienda jikoni.

"Mwambie amwite! Mara moja tu maishani, amtaje mwanawe jina. Ndiyo sura yenyewe hiyo, watu walie mpaka basi. Asipomwita..." Sauti yake ilikuwa imepanda, na yeye mwenyewe aliisikia ikipanda. "Asipomwita, mimi leo nitasema mbele ya watu wote kwamba huyu mama hampendi mwanawe. Hajawahi kumpenda."

Neno hilo Amarya hakulifikisha. Jikoni mwiko ulisimama.

Kuku alipita uani. Saratu akatazama miguu yake, aibu imemjaa, maana kila mtu pale alijua hawakuwa wakimzungumzia Kande tena.

"Mwambie huyo," Inna akasema mwishowe, bila kugeuka, "akimwita ndio atamuua."

Inna akaendelea.

"Ua umejaa wanawake. Wote wanajua Kande ni mtoto wa ngapi. Mama aliyenyamaza miaka yote, leo apaze sauti, Kande! Si kila mtu angeganda? Hata mbuzi wangeacha kutafuna. Na yule mwenye wembe angejua kaonekana. Haya. Amarya, andika."

Amarya akaandika.

"Mama wa Kande hakupaza sauti. Alitoa mwiko kwenye sufuria, akaugonga ukingoni. Ko, ko. Halafu, ko. Hakuna aliyegeuka. Ageuke kwa lipi? Kila anayesonga hugonga mwiko, ugali ulioshika udondoke. Delu naye hakugeuka. Lakini Kande aliinuka. Ndivyo alivyokuwa akiitwa tangu alipojua kutembea, na hajui kama wengine hawaitwi hivyo. Aliinuka nywele nusu zimesukwa, akasema, samahani nakuja, akachomoka mikononi mwa Delu kama anayekwenda kuchukua bakuli. Mama akamvuta ndani, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo wake. Hapo ndipo alipopiga yowe."

Amarya alimaliza kuandika, akaituma kikundini. Kisha akaweka simu mapajani, akamgeukia Saratu.

"Wee Saratu. Mimi nimesonga ugali nyumba hii tangu una meno ya utoto, na mwiko wangu naugonga. Hukuja hata siku moja. Mpaka nitume mtoto, kamwite Saratu. Nikawa najisemea, hako katoto kana dharau!"

Saratu alikuwa mbali, utotoni, kwenye kichochoro cha nyuma, vumbi mpaka magotini, anacheza na wenzake. Ladidi anaitwa, anaitwa tena, anatishiwa fimbo. Yeye haitwi, lakini siku zote ndiye wa kwanza kufika jikoni. Bibi yake alikuwa akicheka, "Mtoto huyu ana pua!" Naye aliamini ni pua. Aliamini hata mwaka ule wa mafua makali, pua imeziba kabisa, na bado alifika bakuli likiwa tupu, linamsubiri.

Miaka yote ile. Kila jioni, mbele ya mume, wakwe, majirani na wageni, mama yake alikuwa akimwita kwa sauti, na hakuna masikio yaliyosikia isipokuwa ya kwake. Hata yeye mwenyewe hakujua kwamba anasikia. Alishangaa mpaka akaogopa, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyolala maisha yake yote ina chumba kingine. Alikuwa amezichambua hadithi za mji mzima, na hii hakuwahi kuiona.

Simu yake ilikuwa inatetemeka. Sura imesomwa. Wanawake wanalia kwa maandishi, wanaapa, wanauliza: Saratu yuko wapi? Uchambuzi uko wapi? Leo atasema nini?

Akabonyeza kitufe cha sauti. "Assalamu alaikum," akaanza, kama kila Ijumaa. Maneno yakagoma. Alikuwa nayo mengi, juu ya kitambaa kilichoteleza, juu ya mhusika aliyekuwa amekua tangu sura ya kwanza huku msomaji ndiye aliyebaki mtoto. Hata moja halikutoka. Kidole kikabaki kimebonyeza.

Jikoni, mwiko ukagonga ukingo wa sufuria. Ko, ko. Halafu, ko.

Miguu yake ilianza kwenda kabla yeye hajaamua kwenda. Hakuwahi kuujibu mwito ule kwa mdomo maishani mwake, maana nani hujibu sufuria?

"Naam, Inna," akasema. "Nakuja."

Kidole kikaachia kitufe, na sauti ikaenda kikundini vile vile ilivyokuwa: salamu, kimya kirefu, mwiko, na mwanamke mtu mzima akiitikia huku analia. Kikundi kile, ambacho hakijawahi kukosa la kusema, kikanyamaza.

Saratu hakuwapo kukiona kimya hicho. Alikuwa jikoni, ameshika bakuli kwa mikono miwili, na mama yake anampakulia bila kumtazama.