Chumba Kisichokuwamo kwenye Makubaliano

Mafundi rangi walifika Jumatatu asubuhi, Mwanvita akiwa bado anaosha vyombo vya chai. Walikuja kwa bajaji, ngazi imefungwa juu kwa kamba za mpira na turubai limekunjwa miguuni. Mkubwa wao, Pazi, alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia iliyotapakaa rangi za nyumba za watu. Mwenzake alikuwa mwanamke kijana, Wahida, amevaa ovaroli na mtandio alioukaza nyuma ya kisogo.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama," alisema Wahida.

"Marahaba. Karibuni, mlango uko wazi."

Walipita chumba hadi chumba. Sebule, korido, vyumba viwili vya kulala, basi. Pazi alionyesha penye unyevu, akaeleza kwamba rangi ya zamani lazima ikwanguliwe kwanza, wazibe nyufa, wapige msasa, ndipo wapake mkono wa kwanza. Rangi yenyewe Haidar, mume wa Mwanvita, alikwisha kuichagua: nyeupe ya maziwa. Kwa miaka Mwanvita alikuwa anaomba nyumba ipakwe, na kila mwaka Haidar ana jibu lake. Safari hii alileta ndoo mwenyewe bila kuombwa, akazishusha barazani, akaondoka kwenda Kiwangwa kwenye biashara yake ya mananasi. Mwanvita alifurahi, akaanza kutoa mapazia.

Kabla ya adhuhuri Wahida alimwita kutoka koridoni.

Alikuwa amekwangua ukuta wa upande wa uani. Chini ya rangi ya krimu palikuwa na lipu nyembamba, chini ya lipu palikuwa na kijani, chini ya kijani palikuwa na buluu ya chokaa, na chini ya buluu palikuwa na mbao.

"Mama, hapa kuna mlango," alisema. "Tuupake au tuuache?"

Mwanvita alikuwa amefagia korido ile tangu alipoletwa bibi harusi. Alitoka nje akazunguka hadi uani kuangalia. Ukuta ulikuwa ukuta, na mbele yake kamba ya nguo na kanga alizoanika asubuhi. Hapakuwa na nafasi hata ya banda la kuku. Akarudi ndani. Pazi alikuwa amekwisha kusafisha bawaba kwa brashi ya waya.

"Labda tupige hodi kwanza," alisema Pazi. "Si vizuri kuingia tu."

Wahida alibisha hodi.

"Karibuni," ilijibu sauti ya mwanamke.

Mle ndani mlikuwa na chumba cha kiasi, chenye kitanda cha kamba, mtungi wa maji na dirisha lililotazama mnazi ambao Haidar aliukata zamani. Juu ya mkeka alikaa mwanamke aliyepaka hina, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Mwanvita alimjua mara moja, kwa kuwa picha yake aliwahi kuiona kwa wifi yake. Alikuwa Somoe, mke wa kwanza wa Haidar.

Mwanvita hakujua nani amwamkie nani. Somoe ndiye aliyetangulia ndani ya nyumba, lakini sura yake ilikuwa ya mtu wa kuzaliwa na Mwanvita. Mwishowe alisema, "Assalaam aleikum," na Somoe akaitikia, akasogea kumpa nafasi mkekani.

Pazi alitoa futi yake, akapima kuta nne na dari.

"Hiki hakikuwamo kwenye makubaliano," alisema. "Lakini rangi itatosha."

Mwanvita aliketi. Akaificha mikono chini ya kanga.

"Mimi niliambiwa uliachwa," alisema. "Nikaambiwa umerudi kwenu Makurunge, umeolewa huko."

"Niliachwa kwa talaka ipi?" Somoe aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Aliniambia nikae humu kidogo, anakwenda shamba, akirudi tutazungumza. Baadaye nikasikia watu wanapiga lipu nje ya mlango. Halafu wakapaka rangi. Halafu nikasikia vigelegele. Nadhani ilikuwa harusi yako."

"Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa nzuri. Waliimba sana."

Aliendelea kuchambua mchele. Mchele ule, alieleza, ulikuwa posho ya mwisho aliyoachiwa, na kwa kuwa Haidar hakuleta nyingine wala hakusema kwamba haleti tena, haukuisha. Alipika, akala, na kwenye ungo ukabaki uleule. Maji ya mtungi nayo hivyohivyo. Na yeye mwenyewe, akaongeza, hivyohivyo.

"Mwanao mkubwa alikuwa na pumu," alisema. "Issa. Usiku alipokuwa akikohoa na mimi nilikuwa silali. Hajambo siku hizi?"

"Hajambo. Yuko Dar, anafanya kazi bandarini."

"Alhamdulillahi."

Mwanvita alitaka kuuliza jambo, na alijua kwamba akishauliza hataweza kulirudisha. Akauliza.

"Kwa nini hukugonga?"

"Niligonga," alisema Somoe. "Ulisema ni panya. Mkatega sumu."

Hapo Mwanvita aligeuka kuutazama mlango. Alikumbuka vizuri. Alikumbuka hata kwamba alimlalamikia Haidar wakiwa mezani, na kwamba Haidar alisema atanunua sumu, akainunua siku ileile, yeye asiyekumbuka kununua hata kiberiti. Aliomba maji. Somoe akamtekea kwenye kata kutoka mtungini, akayanywa, nayo yalikuwa ya baridi na matamu.

"Inuka twende," alisema Mwanvita. "Toka humu."

Somoe hakubisha. Aliweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akaenda hadi kizingitini. Alipoinua mguu kuvuka akawa amekaa kitandani, kanga imejifunga vilevile. Alijaribu tena kwa ajili ya Mwanvita, na safari hii Pazi alimshika mkono. Pazi akabaki koridoni ameshika hewa.

"Sijaachwa," Somoe alisema kutoka kitandani. "Mpaka anene yeye."

Mwanvita alimpigia Haidar simu. Ilikuwa na kelele za watu wanaopakia mananasi.

"Mafundi wamefungua mlango wa koridoni," alisema. "Somoe yumo."

Haidar alihamisha simu sikio la pili.

"Waambie waanzie sebuleni," alisema. "Mimi naja kesho."

Alasiri alikuja wifi yake, Batuli, dada mkubwa wa Haidar, aliyekaa nyumba ya tatu. Alisimama mlangoni, akamtazama Somoe juu hadi chini.

"Somoe, hujazeeka," alisema. "Sisi tumekwisha."

"Ulijua yumo?" Mwanvita alimuuliza walipobaki wawili jikoni.

"Tulijua," alisema Batuli. "Mwanzoni ilitusumbua. Baadaye tukadhani amezoea." Alifunua sufuria akaonja mchuzi. "Ongeza ndimu."

Mwanvita aliongeza ndimu. Jioni alipakua chakula. Kila alichoshika kilikuwa kama anakishika kwa glavu.

Haidar alifika kesho yake, akavua viatu barazani ili asichafue turubai, akaketi kwenye kochi lililofunikwa nailoni. Hakwenda koridoni. Alimuuliza Pazi kama ile nyeupe ya maziwa inashika vizuri.

"Baba Issa," alisema Mwanvita, "kamwache yule mtu aende zake."

"Talaka si neno la kutamka ovyo, mama Issa. Mwenyezi Mungu halipendi."

"Basi mtunze. Mpe posho, mpe zamu yake, atoke akae na watu."

"Nitalifikiria."

"Umelifikiria tangu kabla Issa hajazaliwa."

"Ndiyo maana sitaki kulifanyia haraka."

Alisema hivyo bila hasira, huku anatoa uzi wa nanasi kwenye jino. Mwanvita alimtafuta usoni yule mtu aliyelala naye miaka yote ile, akamkuta. Hakuwa amebadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Akamwita imamu wa msikiti wao. Mzee wa watu alikuja, akasimama kizingitini, akamsalimia Somoe, kisha akamwambia Haidar waziwazi kwamba njia ni mbili, ama amkalishe kama mke, ama amwache kwa wema, na kwamba kumning'iniza mtu katikati ni dhuluma. Haidar alimsikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha. Alisema amemwelewa, inshallah. Alimsindikiza hadi barabarani na kumfungia mananasi mazuri. Aliporudi alimwambia Pazi auzibe mlango.

"Sisi ni mafundi rangi, mzee," alisema Pazi. "Lipu si kazi yetu."

"Basi pakeni juu yake."

"Mama amesema usipakwe."

Haidar alitazama saa, akasema ana safari ya Vigwaza, akaondoka.

Ni Batuli aliyemwambia Mwanvita habari za Vigwaza. Hakuwa na nia mbaya. Alikuja kuazima masufuria makubwa, na alipoulizwa ya nini akajibu, "Ya Ijumaa. Si mwali anakuja? Rangi yote hii unadhani ni ya nani?"

Mwanvita alimpa masufuria. Alikumbuka alivyoingia nyumba hii amefunikwa ushungi, harufu ya rangi mpya ikimwasha puani, na jinsi alivyowaambia mashoga zake kwamba mume wake amemheshimu, amempakia rangi nyumba nzima. Aliketi juu ya ndoo ya rangi, akakaa hivyo mpaka Wahida alipoiomba ndoo.

Wahida hakuiomba kwa ajili ya rangi. Alitaka kupanda juu yake, maana Pazi alikuwa anatumia ngazi. Walikuwa wamesogeza kabati chumbani kwa Mwanvita wakwangue ukuta wa nyuma, nao haukuwa na rangi ya kukwangua. Lipu ilikuwa mbichi, na katikati yake palisimama mlango mpya wa mninga ambao haujapigwa vanishi.

"Na huu je, mama?" aliuliza.

Mle ndani hamkuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, kitanda kimetandikwa shuka alizopenda Mwanvita, za maua madogo. Mtungi ulijaa maji. Dirisha lilitazama uani, kwenye kamba yake ya nguo, na juu ya kamba zilikuwapo kanga alizoanika Jumatatu, ingawa alikwisha kuzianua. Ungo wa mchele ulikuwa juu ya mkeka.

Mwanvita hakuvuka kizingiti. Alishika miimo kwa mikono miwili, akahisi mbao zikiwa na joto, kama zimetoka kushikwa na mtu mwingine. Wahida akamshika mabega, akamrudisha nyuma.

Haidar aliporudi alimkuta barazani.

"Niache," alisema Mwanvita. "Leo. Nitamke."

Haidar alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe una kosa gani?" alisema. "Sina sababu ya kukuacha."

Baada ya hapo Mwanvita alijifunga kanga, akatoka, akatembea hadi duka la kona, akanunua sabuni, akarudi. Aliweza. Miguu ilivuka kila kizingiti. Aliwaza kuendelea mbele hadi stendi, hadi kwa Issa Dar, na mchana kutwa aliendelea kuliwaza. Lakini akiondoka, nani atakayezuia mlango wa koridoni usizibwe? Haidar alikuwa amekwisha kumpigia simu fundi lipu mmoja wa Kiwangwa.

Kwa hiyo aliwaita Pazi na Wahida akawaambia milango yote miwili wasiipake nyeupe ya maziwa. Alitaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ambayo ukutani haifichiki. Somoe aliulizwa apendayo, akasema buluu. Wahida aliipaka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, siku nzima, huku Somoe akimwelekeza alipoacha alama za brashi. Mwanvita alichagua nyekundu. Ilipokauka aliweka kiti chake koridoni, akashona vifungo vya nguo za harusi ya watu. Fundi lipu alikuja, akamkuta amekaa pale, akasalimia, akaondoka.

Ijumaa bibi harusi aliletwa kutoka Vigwaza kwa gari dogo. Aliitwa Sabiha. Batuli alipika, watu walikula, waliimba sana. Ndani ya chumba chake Somoe alipiga kigelegele kimoja, kwa adabu, na wageni wa sebuleni wakaitikia.

Watu walipopungua, kukiwa bado mchana, Mwanvita alimchukua mwali kumtembeza nyumba, maana hakuna mwingine wa kufanya hivyo.

"Huyu ni Somoe," alisema kwenye mlango wa buluu. "Yeye ndiye mkubwa wetu."

"Shikamoo, dada," alisema Sabiha kwa mtu wa rika lake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Kwenye mlango mwekundu Sabiha alichungulia, akaona kitanda kilichotandikwa.

"Na humu?"

"Humu mwangu. Sijaingia bado."

Sabiha aliitikia kwa kichwa. Walifika chumba cha mbele alichoandaliwa, cheupe, madirisha wazi, rangi bado ikinuka. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya Haidar akicheka na wageni wa mwisho. Sabiha aliweka mkoba wake katikati ya sakafu, mbali na kuta. Akavua bangili moja baada ya nyingine, akampa Mwanvita amshikie. Kisha akaanza kwenye kona ya mlango, akatembea polepole kuuzunguka ukuta, akigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, akigonga na kutega sikio, na Mwanvita akasimama kimya katikati ya chumba, amezibana bangili zisilie, ili mwenzake asikie vizuri.