Volnay na Pommard Katika Ndoo Moja

Hakuna maneno yaliyomkera Arlène katika jiji zima la Johannesburg kama "ni yaleyale tu". Aliyasikia kila kona. Kwenye teksi ya kutoka Malvern walimwambia Mkongo kama yeye na Mrundi ni walewale, wote wametoka huko juu. Kazini wateja walimwambia mvinyo mwekundu ni mvinyo mwekundu, lete wowote, dada. Na nyumbani mama yake mzazi, Mama Célestine, alikuwa na lake ambalo hakuliacha: pombe ni pombe. Arlène alikuwa mpole wa sura na mkali wa ndani. Ukimwambia vitu viwili ni kimoja, tena hujavionja, damu ilimchemka hadi masikioni.

Kuonja ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alianza kwa kuosha glasi katika mkahawa mmoja wa Marshalltown wanakokula mawakili na wakubwa wa madini, akapanda hadi kuhudumia meza, ndipo Nomsa, mkuu wa mvinyo pale, akagundua kwamba binti huyu ana pua. Akamfundisha: zungusha, nusa, onja, tema. Hilo la kutema ndilo lililomfanya Arlène akubali. Alikuwa mtoto wa kanisa, tena baba yake, Papa Jacques, alikufa kwa pombe akiwa bado kijana, ini limekwisha. Arlène alijiapia kwamba tone halitapita kooni mwake, na kweli halikupita. Wenzake walipokuwa wakijimiminia mabaki mwisho wa kazi, yeye alikuwa akitema kwenye kikombe cha bati na kusukutua kwa maji, nao wakimcheka na kumwita sista.

Sasa Nomsa alikuwa anaondoka kwenda Cape kuanza shughuli zake mwenyewe, na nafasi yake ilikuwa ya mtu mmoja kati ya wawili. Ama Arlène, ama Brighton, kijana aliyesomea hoteli na aliyependa kusikika akitamka majina ya Kifaransa. Nomsa hakutaka lawama. Alitangaza mtihani siku ya Jumatatu: glasi mbili mezani, chupa hazionekani, useme mvinyo upi ni wa kijiji kipi. Akampa kila mmoja chupa mbili, moja ya Volnay na moja ya Pommard, akajifunze nyumbani kwake.

Volnay na Pommard ni vijiji viwili vya Bourgogne, huko Ufaransa, vilivyopakana hivi kwamba mtu wa huku akipiga chafya, wa kule anamwambia pole. Zabibu ni za aina moja, jua ni moja, mvua ni moja. Kinachotofautiana ni udongo. Wa Volnay una chokaa nyingi, na mvinyo wake unaingia kwa adabu, unanukia maua, unaaga taratibu. Wa Pommard ni mzito, una mfinyanzi na wekundu wa chuma, na mvinyo wake unakubana ufizi kabla ya kukusalimia. Hayo yako vitabuni, hata Brighton aliyajua. Ila Nomsa, kwa ujanja wake, alichagua mashamba ya mpakani kabisa, yaliyotenganishwa na njia nyembamba, ambako mvinyo wa Volnay umeanza kukaza na wa Pommard umeanza kulegea. Hapo kitabu hakikusaidii kitu. Hapo ni ulimi tu, na ulimi unataka mazoezi.

Arlène akazipeleka chupa zake nyumbani Malvern, akazificha kabatini nyuma ya makoti ya baridi. Hakuzificha kwa kuona haya. Alizificha kwa kuchoka. Alikwisha kumweleza mama yake mara nyingi kwamba anaonja na kutema, na siku moja Mama Célestine, akiwa anakunja nguo wala hakuinua uso, alimjibu, "Hata papa yako alianzaka na kuonja." Toka hapo Arlène hakulitaja tena jambo la mvinyo ndani ya nyumba ile.

Ijumaa aliporudi kutoka kazini alimimina vijiko vichache katika glasi mbili, akafumba macho, akazibadilisha nafasi, akaonja. Alikosea. Jumamosi alikosea tena mara ya kwanza, kisha akapata, akakosea, akapata mara mbili mfululizo. Alianza kuushika mpaka ule. Uliokuwa wa Pommard ulikuwa na kitu kidogo mwishoni, kama ukilamba kijiko cha chuma, na wa Volnay haukuwa nacho. Kitu kilikuwa kinamponyoka bado, lakini alijua akipata alasiri moja zaidi atakishika kisimtoke. Alizirudishia vizibo akalala na furaha ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Jumapili asubuhi alihudumia kifungua kinywa mkahawani, akateremka kwenye teksi kwenye robot, taa za barabarani za Jules Street, akapanda ngazi kwenda kanisani akiwa amechelewa. Kanisa lao lilikuwa ghorofani juu ya duka la matairi, na watu wake wengi walikuwa wa Bukavu na Uvira: wasusi, mafundi cherehani, walinzi. Lilikuwa juma la utakaso, na Mchungaji Damien alikuwa amewaagiza waumini walete kila kinachowafunga. Mbele palikuwa na meza ya kitambaa cheupe, na juu yake hirizi mbili, pakiti ya sigara, wigi ambalo hakuna aliyejua lilikuwa limekosa nini, na chupa zake.

Mama yake alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Bapendwa," alikuwa anasema, "mutoto wangu ananywa. Anafungia pombe mu kabati sawa vile papa yake alikuwa anafungia. Niko naleta hii aibu mbele ya Mungu. Mumuombee."

Watu wakageuka. Wamama waliomlea, vijana aliowafundisha kuimba, wote walimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Hasira ilimpanda Arlène hivi kwamba alitembea kutoka mlangoni hadi mbele bila kuihisi sakafu.

"Mama, mimi sinakunywaka," akasema. "Weye unajua."

Mama Célestine hakumtazama. Mchungaji Damien ndiye aliyejibu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kipaza sauti, na akishakikamata hukipati tena. Alimweleza Arlène kwa upole mwingi kwamba Mungu amempa nafasi. Azimwage chupa kwa mikono yake mwenyewe, aahidi mbele ya kanisa kwamba kesho hatarudi kwenye kazi ile ya giza, na wote watamshangilia.

Arlène alisema hazimwagi. Alisema chupa si zake, ni za kazi, na kesho ana mtihani. Alisema, tena kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa kanisani, kwamba waliopima mashamba mengi ya Bourgogne na kuyawekea mipaka walikuwa watawa, watu wa sala, na kwamba hata Kana ya Galilaya Bwana Yesu hakugeuza maji kuwa chai. Mchungaji akatabasamu, akawaeleza waumini kwamba ile ya Kana ilikuwa juisi. Amina, wakaitikia, na kuna mzee mmoja aliyepiga na makofi.

Kisha Mchungaji akasema nuru na giza havikai chombo kimoja. Akasema hivyo, akaagiza ndoo. Wakamletea ile nyekundu ya kupigia deki, yenye maji kidogo ya sabuni chini. Akaumimina humo mvinyo wa Volnay wote, na juu yake, bila hata kupumzika, akaumimina wa Pommard.

Arlène aliuona ukiingia. Watu walikuwa wanaimba. Aliona karne zote zile za watu kuinamia udongo, kubishana juu ya njia moja nyembamba, huu ni wetu na ule ni wenu, zikizunguka pamoja na povu la sabuni katika ndoo moja. Na aliiona Jumatatu yake ikizunguka humo humo. Alitaka kuipiga teke ile ndoo. Alitaka kumnyang'anya Damien kipaza sauti na kumpasua nacho. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu mama yake alikuwa pale, macho yamefumbwa, mikono juu, analia machozi ya kushukuru.

"Mmechanganya," alisema.

Hakusema wamemwaga. Hakuna aliyemwelewa. Alishuka ngazi peke yake, na nyuma yake wimbo haukukatika.

Nyumbani walipigana kwa maneno alasiri nzima. Mama Célestine alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba yeye alishalia ya mume, hatalia ya mtoto. Arlène alimuuliza ni lini amemwona akipepesuka, ni lini amechelewa kuamka, ni lini ameacha kumletea dawa zake za presha. Mama alisema na Jacques naye hakuwa akipepesuka mwanzoni. Arlène akamwambia mimi si Jacques, akamwambia kwa sauti iliyowafanya jirani wazime redio ili wasikie vizuri. Alimwambia na mengine mawili matatu ambayo binti hamwambii mama yake, na hakuomba radhi. Mama akasema hasira hasara, mwanangu. Arlène akafunga mlango wa chumba chake kwa kishindo hadi plasta ikadondoka.

Jumatatu alimweleza Nomsa kila kitu. Nomsa alisikiliza, akasema eish. Kisha akasema hana la kufanya: mwenye mkahawa amekuja kushuhudia, Brighton yuko tayari, na akimpa Arlène siku nyingine itaonekana anampendelea. Alisema pole kwa moyo, na ilikuwa ya kweli, lakini pole haina ladha.

Brighton aliingia kwanza, akatoka anachekelea.

Arlène akaketi. Glasi mbili, nyekundu ileile. Alizungusha ya kwanza, akanusa, na kilichompanda puani kilikuwa ndoo. Ile sabuni ya kijani, lile povu. Alijua haimo mle, imo kichwani mwake, lakini pua haikujua hivyo. Akaonja, akatema. Akaonja ya pili, akatema. Akakitafuta kile kijiko cha chuma mwishoni, akakipata katika zote mbili, akarudia, akakikosa katika zote mbili. Mbele yake alimwona mama yake na kipaza sauti. Mutoto wangu ananywa. Wanawake waliomfunga nepi walikuwa wamesikia. Kanisa zima lilikuwa limekwisha kuamini, na wataamini hivyo hadi wamzike. Miaka yote ya kutema ilikuwa imemsaidia nini? Alikuwa anamtunzia nani koo safi?

Kinywa kilikuwa kimejaa mvinyo wa glasi ya pili. Kikombe cha bati kilikuwa mkononi. Akameza.

Uliteremka ukiwa wa moto kuliko alivyodhani. Nomsa aliliona koo lake likipanda na kushuka. Arlène akainua glasi ileile akanywa hadi chini, kama mtu anayekunywa maji baada ya kubeba mizigo, kisha akaivuta na ile ya kwanza akaimaliza.

Alisema ya kwanza ilikuwa Pommard na ya pili Volnay. Ilikuwa kinyume chake. Brighton alikuwa amepata.

Alirudi Malvern jua likiwa bado juu, kichwa chepesi, miguu si yake sawasawa. Mama Célestine alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa amefunga toka asubuhi, hata maji hakunywa, na alipomwona binti yake mlangoni aliweka mchi chini akauliza kwa sauti ndogo kama wamempa ile kazi.

Arlène alisema hapana, wamempa mwenzake.

Uso wa mama ukafunguka. Aliinua mikono yake ya kijani akamshukuru Mungu, akalia, akasema alijua tu, sala haipotei. Akaja kumkumbatia mtoto wake. Alikuwa ameshamweka mikono mabegani alipoganda. Pua yake ikasogea yenyewe, karibu na kinywa cha Arlène, jinsi ilivyokuwa ikisogea karibu na kinywa cha Jacques kila alipoingia mlango wa nyumba yao ya Bukavu. Alinusa mara moja. Akanusa tena, kwa sababu hakutaka kuamini.

Arlène hakugeuza uso. Alisubiri mama yake amalize.

"Ni glasi ngapi?" Mama Célestine aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mke wa Jacques, si ya mama.

"Mbili. Ya kwanza na ya pili toka nizaliwe."

Mama akarudi nyuma hadi akaigonga meza.

"Jumapili ijayo uwaambie tena, Mama," Arlène akasema. "Safari hii hautakuwa umesema uongo."