Bado Nimo Ndani

"Nimeshakwambia hukiondoi! Unataka nikwambie kwa lugha gani?"

"Mama, basi watu waje ukumbini watazame ukuta. Hiki kipande cha hospitali ndicho kirefu kuliko vyote. Nikikitoa, huenda tukawahi."

"Ukikitoa, umemtoa baba yako."

Binti aliachia kipanya, akajifunika uso kwa viganja. Tangu asubuhi walikuwa wanavutana hivyo, mama amesimama nyuma ya kiti, binti ameinamia kompyuta, katika chumba alimokuwa akihariri video za harusi za watu. Leo hakukuwa na harusi. Alasiri, ndugu, majirani na mafundi wangekutana kwenye ukumbi mdogo wa mtaa kumkumbuka marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, mume wa mmoja na baba wa mwingine, na video hii ndiyo ingemrudisha mbele yao kwa mara ya mwisho. Nayo ilikuwa inatambaa. Mstari wa kijani ulioonyesha kazi ilipofika ulikuwa haujavuka hata robo. Kwa makadirio ya programu, ingemaliza watu wameshakwenda kulala.

"Kwani tatizo hasa ni nini?" mama aliuliza. "Mashine si mpya hii?"

"Kadi haifanyi kazi."

"Kadi gani? Za mwaliko si tulishagawa?"

Binti alicheka bila kupenda, kicheko kikaishia puani. "Kadi ya grafiki, mama. Imo humu ndani, ndiyo inayosaidia kuzichakata picha. Ona." Alifungua dirisha lenye mistari miwili. Mmoja ulikuwa umepanda mpaka juu ukakaa hukohuko. Wa pili umelala chini kama mtu aliyezimia. "Huu wa juu ni prosesa, ubongo wa kompyuta, imebeba mzigo wote peke yake. Huu wa chini ni kadi. Asilimia tatu. Imekaa tu."

"Kazini kwangu mtu wa asilimia tatu ningeshamrudisha kwao."

Mama alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia katika hoteli, na hakuwa na subira na mashine inayokula umeme bila kutoa shuka. Alichukua kitambaa cha kufutia vumbi kilichokuwa mezani, akaanza kukikunja. Mikono yake ilikuwa na tabia hiyo. Ikikosa kazi, inajitafutia.

"Haya, umejaribu nini na nini?"

Binti akamweleza. Aliangalia kama programu imeelekezwa kuitumia kadi; imeelekezwa. Alihamisha picha zote kutoka diski ya nje, akidhani ndiyo inayochelewesha, wapi. Aliinama chini ya meza kuangalia waya wa skrini, maana ukichomekwa kwenye tundu lisilo lake, kadi inaachwa nje ya shughuli. Waya ulikuwa mahali pake.

"Nimebadilisha hata dereva."

"Dereva wa nani tena?"

"Wa kadi. Ni programu ya kuiendesha."

"Na yeye amegoma."

"Na yeye amegoma."

Feni ya kompyuta ilivuma kama inayodhihaki. Kisha binti akajisogeza mbele ya kiti.

"Ngoja kwanza. Nimekuwa naichakata video nzima kila mara. Sijajaribu kipande kimoja kimoja."

Akasimamisha kazi. Akachagua kipande cha baba akiwa karakana, kinyago amekipandisha kichwani, cheche zinaruka nyuma yake. Akabonyeza. Ule mstari uliolala ukaruka juu, na kipande kikatoka kabla mama hajamaliza mkunjo. Akachagua kingine, baba anafundisha jirani kuendesha baiskeli. Mstari ukapanda vilevile. Akachagua cha hospitali. Mstari ukaanguka, ukalala.

"Kadi ni nzima," binti alisema polepole. "Ni kitu nilichoweka hapa."

"Uliweka nini?"

"Vichujio viwili. Kimoja kinalainisha uso, kingine kinaondoa kelele ya kifua. Ni vya zamani, mama, kadi haviijui kabisa. Kila picha lazima ipitie kwa prosesa isuguliwe, ndipo inayofuata ipite. Kadi inabaki kusubiri kitu kisichokuja."

"Na kwa nini uliviweka?"

"Shangazi aliomba. Alisema watu wasimwone kaka yake vile, mashavu yameingia, kifua kinalia. Nikakuuliza. Ukasema sawa."

Mama alikumbuka. Alisema sawa haraka haraka, kwa sababu hata yeye hakutaka kukisikia tena kile kifua.

"Nionyeshe."

Baba alikuwa kitandani. Uso ulikuwa laini kama wa sanamu ya dukani, bila kunyanzi, bila hata lile kovu la cheche kidevuni. Alimgeukia mkewe, aliyeonekana pembeni akikunja, kuanzia miguuni, shuka alilofunikwa mgonjwa. "Mke wangu, acha kukunja shuka," alisema. Midomo ikaendelea kucheza, kimya. Kisha neno moja: "ndani."

"Amesema nini hapo katikati?"

"Sauti yake pale ilikuwa pumzi tupu. Programu imedhani ni kelele, ikaifuta."

"Irudishe ilivyokuwa."

Sasa kifua kilisikika, kikikwaruza kama mlango wa bati. Kovu lilikuwepo. Mashavu yalikuwa yameingia.

"Mke wangu, acha kukunja shuka. Mimi bado nimo ndani."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nyuma ya kamera binti alisikika akicheka pia, na mama akamrushia mgonjwa shuka lile.

Mama aliitazama mikono yake. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kikawa kama kiberiti.

"Tumemfua mpaka tumemtoboa," alisema, bila ukali wowote.

"Kwa hiyo nikitoe kipande?"

"Toa sabuni. Yeye mwache."

"Shangazi atalia, mama."

"Atalia. Kwani tumeitana kufanya nini?"

Simu ilianza kuita mezani. Ilikuwa ni shangazi mwenyewe. Mama aliipokea akiwa amesimama.

"Ndiyo, wifi... La, haijaisha, ndiyo inaanza... Sikiliza. Ile ya hospitali inabaki kama alivyokuwa, na kifua chake... Najua tulikubaliana. Nimekataa sasa. Njoo ukae karibu yangu."

Akakata simu, akamwashiria binti kwa kichwa aendelee. Binti alifuta kichujio cha kwanza, akafuta cha pili, akabonyeza. Mstari wa chini ukainuka, ukapanda, ukabaki juu, na ule wa kijani ukaanza kwenda.